Yule Anayetazama Pembeni

Jumatano, 1 Juni 1983

Studio kavu. Wateja wote wamehamia kwenye picha za rangi kule sokoni. Saa nne akaingia Morenike, mama mapacha wa mtaa wa juu, kamshika mkono Taye wake wa miaka sita. Pacha wake, Kehinde, walimzika Februari – surua. Anataka picha ya wawili. Wale wa rangi wamemwambia mashine yao haijui mambo hayo. Mumewe naye hataki kile kinyago cha mti cha pacha aliyekufa ndani ya nyumba, anasema dini haikubali, picha ameridhia. Jumapili ni siku yao ya kuzaliwa, kunde za mapacha zitapikwa, picha iwe ukutani.

"Wote watazame mbele," akasema. "Nataka Kehinde anitazame."

Kazi yenyewe naijua. Mtoto anakaa kulia, napiga. Anahamia kushoto, napiga. Wawili nawakutanisha kwenye karatasi moja. Ndivyo baba alivyonifanyia mimi, pacha wangu alipokufa tukiwa na miaka mitano. Picha hiyo iko ukutani hapa hapa. Wa kushoto anatazama mbele, wa kulia anatazama pembeni. Morenike akaikodolea macho, akauliza yupi ni mimi. Nikasema wa kushoto.

Maisha yangu yote nasema wa kushoto, kwa vile anawatazama watu machoni. Uongo mtupu! Sijui. Baba alikufa hajaniambia, nami sikuuliza.

Alhamisi, 2 Juni

Nimemwuliza shangazi Abeni. Akanicheka: mamako mwenyewe aliwachanganya mkiwa hai wote wawili, seuze kwenye karatasi! Kisha akaniongezea uji.

Nimemkumbuka dada yangu leo mpaka kifua kimeuma. Uso wake ninao – ndio huu. Nikijitazama kwenye kioo sipati kitu.

Ijumaa, 3 Juni

Wamekuja. Taye kavaa gauni la njano, shanga shingoni. Nikamweka kiti cha kulia, akae kama yeye mwenyewe. Kila nikihesabu tatu, shingo inageukia kiti kitupu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano! Mama yake akamfinya. Ya sita akatazama mbele, midomo kaikaza kama anayengoja sindano.

Nikamhamishia kushoto, akae badala ya Kehinde. Hapo akatulia. Akatazama mbele bila kuambiwa. Picha moja tu, safi.

Nilipokuwa namfunga viatu akaninong'oneza. "Anti, nikitazama mbele, Kehinde atajuaje kama nimemwona?"

Nikakaza kamba mpaka akalalamika.

Nimesafisha filamu. Za kiti cha kulia ninazo za aina mbili: Taye anayetazama mbele, na Taye anayemtafuta mwenzake. Ya pili ndiyo picha. Jicho langu linaniambia. Lakini picha si ya jicho langu, ni ya Morenike.

Jumamosi, 4 Juni

Asubuhi nimepekua makopo ya baba, yale ya biskuti alimowekea filamu zake. Nimezipata! Negativu mbili, filamu za picha yetu ile ya ukutani, ndani ya bahasha, na mwandiko wake wa penseli:

*Ya kwanza, kulia: mwanangu anakitazama kiti cha mwenzake. Nimemwacha. Ya pili, kushoto: nimemwambia sasa wewe ni dada yako. Akanitazama.*

Basi mimi ni wa kulia. Ninayetazama pembeni. Na kila mgeni aliyeuliza, miaka yote hii, nimemwonyesha dada yangu nikasema ni mimi. Nimekaa sakafuni nikalia, kwa sauti, mlango wazi.

Baba alikuwa fundi. Angeweza kunilazimisha, akapata watoto wawili wazuri wanaotazama kamera. Alikuwa akitengeneza kitu kingine.

Saa tisa sasa. Nimo chumba cha giza, naandika kwa mwanga wa taa nyekundu. Morenike na Taye wanangoja kwenye benchi hapo nje. Karatasi kubwa imebaki moja tu. Nyingine ni mpaka Jumatatu, mjini Osogbo. Nikiikosea hii, kesho ukuta mtupu. Nimekwisha kumweka Kehinde, nusu ya kushoto. Nimemfunika kwa kadi nyeusi. Nusu ya kulia bado haijaguswa na mwanga. Negativu mbili za Taye ziko mezani, ya mbele na ya pembeni.

Mama huyu amemzika mtoto. Nani mimi wa kumchagulia? Lakini yule mdogo naye atakua. Atasimama mbele ya picha hii ajitafute, kama mimi –

Morenike anagonga.

"Anti, Taye anatazama mbele, sivyo?"

Kisha sauti ndogo, chini kabisa ya mlango: "Kehinde ameshakaa?"

Huyo nimemjibu. Ameshakaa, mwanangu. Anakungoja wewe.

Nimeshika negativu moja. Naipangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa, ile ambayo shingo imegeukia kiti cha mwenzake.