Dada Verna Hakucheka

Los Angeles, 6 Oktoba 2014

Dada Verna mpenzi,

Hujambo? Na goti je? Mimi mzima, ila tangu mke wangu Ines atutoke usingizi umenihama. Naupata alfajiri, wenzangu wakiamka. Filamu yangu inaanza kuonyeshwa Ijumaa, hata huko Duluth. Ni vichekesho. Miaka ishirini nimewaliza watu, sasa nimerudia vile vya ujana wangu: hoteli moja, wachumba wanaokimbiana, milango inagongwa, watu wanagombana mpaka wanapendana. Nina miaka sabini na sita, dada, na siku za kuipiga nilikuwa kama naelea. Mara nyingine nilisahau kuwaambia waigizaji wasimame, nikawatazama tu wakipita, kama samaki nyuma ya kioo.

Kaione, kisha uniambie kweli. Hapa kila mtu anasema ni nzuri, na hakuna anayenitazama machoni.

Mdogo wako,
Arvid

Duluth, 15 Oktoba 2014

Mdogo wangu Arvid,

Sijambo. Goti linalalamika, lakini linanifikisha ninakokwenda. Pole kwa usingizi. Huku ukungu umepanda kutoka ziwani, meli zinapiga honi bila kuonekana.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Tulikuwa watu watano, na mmoja nadhani alikimbia baridi tu. Umeniomba kweli: sikucheka. Wanaongea haraka mno, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Wanagonga milango kama walioamriwa. Katikati nikasinzia, nikaota filamu inaendelea, ila mama yumo, na aproni yake, anapita chumba hadi chumba akiuliza nani hajala. Wachumba wako wakaacha kukimbia, wakaketi mezani. Nilipoamka taa zilikuwa zimewashwa, nikatamani kurudi.

Usinikasirikie.

Dada yako,
Verna

Duluth, 20 Desemba 2014

Arvid,

Heri ya Krismasi. Naona barua yangu umeimeza kimya. Nikipiga simu, inaita tu. Gazetini nimesoma kwamba filamu imeondolewa. Nimeoka mkate wa iliki. Nusu yako iko kwenye friza. Kama umenuna, nuna, lakini niandikie hata mstari mmoja nijue uko hai.

Dada yako

Los Angeles, 2 Februari 2015

Dada,

Niko hai, na afya si mbaya. Nilinuna, ni kweli. Magazeti yaliandika kwamba filamu imechoka, nikayasoma huku nakunywa kahawa. Wewe ulisema hukucheka, chakula kikanishinda. Wewe ndiye uliyenifundisha kucheka, kanisani, uso umeukaza mbele kama mtakatifu huku unanifinya mimi nisitoe sauti.

Juzi nimeitazama tena nyumbani, peke yangu, nikaizima sauti. Bila sauti ina uzuri kidogo. Watu wanaelea kwenye korido kama wanamtafuta mtu aliyekwisha kuondoka. Ndipo nikajua nilikuwa namtafuta Ines mle ndani. Na Ines hakuwahi kukimbia popote, unamjua. Yeye alikuwa wa kuchelewa.

Nakuja. Nitafika katikati ya mwezi. Usijisumbue kupika.

Mdogo wako,
Arvid

Duluth, 3 Machi 2015

Mdogo wangu,

Umefika salama? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Yale ya Jumapili nayaandika yalivyokuwa, kabla hujaanza kuyatengeneza.

Ulitoka mlango wa mbele ukiwa na soksi tu, kuokota gazeti. Mlango ukajifunga, nawe ukagonga. Mimi nilifikiri bado umelala, nikadhani ni wale wanaopita na vijitabu vya dini. Nikawakimbia kwa mlango wa nyuma, nao ukajifunga. Tukakutana kwenye kona ya nyumba, theluji kila upande.

"Kuna watu mlangoni," nikakunong'oneza.

"Wangapi?"

"Sijui. Wanagonga kwa fujo."

Tukajibanza ukutani tungoje waondoke. Tukangoja, theluji inatuangukia polepole, mpaka wewe ukaniuliza, "Verna, wamegonga saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Ukazitazama soksi zako. "Basi ni mimi."

Bi Halvorsen wa jirani alitukuta tumeshikana, machozi yanatutoka. "Nani amefariki?" akauliza. Nasi tukazidi kucheka.

Asubuhi nyingine naamka na kicheko mdomoni, na kwa muda sijui kama ilitokea au niliiota.

Dada yako,
Verna

Los Angeles, 19 Machi 2015

Dada mpenzi,

Nilifika salama, na nimefurahi kusikia u mzima. Jana watayarishaji waliniita kwa chakula cha mchana. Wanasema bado wana imani nami. Wakauliza, je, nina kitu cha kuchekesha? Nikawasimulia ya soksi, neno kwa neno kama ulivyoandika.

Hawakucheka. Mmoja akauliza kwa nini hatukuwa na funguo. Mwingine akasema labda tumweke mbwa.

Nikawaambia ni kweli, nikavaa koti. Nje jua lilikuwa jeupe, magari yanapita taratibu kama yako chini ya maji. Nikasimama pale kando ya barabara nikicheka peke yangu, na watu wakanikwepa kwa mbali. Sijafurahi hivyo kwa miaka. Walikuwa wameikataa, dada. Imebaki yetu.

Nimewaambia sina filamu nyingine. Nyumba nimeiweka sokoni. Kile kitanda cha chumba cha juu bado kipo, au ulikitoa sadaka kanisani? Kama ulikitoa si kitu, nitalala popote.

Mdogo wako,
Arvid