Upande wa Wanaume Ufuoni

Jumatatu, 3 Machi
Sindano tena. Ya tano sasa, kila miezi mitatu. Saratani ya tezi dume imelala, daktari anafurahi. Mimi nimefunga shati hadi kifungo cha juu katika joto hili la Nyamasaria. Nimeota matiti. Niandike neno lenyewe, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili. Yanauma hata shuka ikiyagusa. Hakuna aliyenionya kwamba sindano inafanya hivi. Hakuna.

Jumamosi, 8 Machi
Asembo Bay, kwa mdogo wangu Ochieng. Jioni wanaume huteremka ziwani kuoga, upande wao, uchi, sabuni moja ikizunguka mikononi. Nilisema nina mafua. Mara ya nne nasema mafua.
Ochieng amechoka nami. "Mwalimu, siku hizi unaoga kwa beseni kama mgeni, kana kwamba bado uko Naivasha. Kwani sisi tunanuka?"
Wenzake wakacheka. Naivasha nilichomewa nyumba kwa kuwa si mtu wa kule. Miaka yote hii imepita, na nyumbani pia si mtu wa hapa. Kwa sababu ya kifua.

Jumatano, 12 Machi
Daktari wa upasuaji. Mapema, vidonge au mionzi ingesaidia. Sasa nyama imekomaa, dawa yake ni kisu. "Hukuambiwa?" Aliuliza kana kwamba kosa ni langu.

Jumanne, 25 Machi
Bima wamekataa kulipia. Sababu, neno moja: urembo.
Nina miaka sabini na mmoja. Nani kati yao amewahi kuona mzee anayejiremba kwa kisu? Sindano walilipia. Kilicholetwa na sindano hawakijui. Nimeisoma barua hadi karatasi imelegea.

Alhamisi, 3 Aprili
Kliniki ya matiti. Benchi zima wanawake. Muuguzi akaita jina langu kwa mazoea, "Mama Ouma." Nikasimama. Vicheko.
Jirani yangu wa benchi, muuza vitunguu wa soko la Kibuye, hakucheka. "Sista, huyu ni Mzee. Andika Mzee."
Nikamshukuru kwa Kikuyu, lugha ya lafudhi yake na ya majirani zangu wa Naivasha. Akashtuka. Nikamwambia nilijenga Naivasha, na nilivyoondoka. Akatazama viatu vyake, akasema pole. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuniambia hivyo. Sikujua nilikuwa nalisubiri neno hilo.
Kisha akaomba kuona barua. "Hata mimi walinikataa. Mwambie daktari aandike maumivu, na aandike ni dawa imeleta."
Daktari akaandika. Nikamsahihishia koma mbili.

Jumatatu, 14 Aprili
Bima wamekubali. Hawakuomba radhi. Neno urembo bado limo kwenye faili, limepigwa mstari tu. Linasomeka vizuri.

Alhamisi, 24 Aprili
Walinipasua juzi. Mrija kila upande, damu inachuruzika kwenye vichupa. Chini ya bandeji kifua ni bapa. Kinauma sana. Lakini maumivu haya yana mwisho, na safari hii mtu alikaa kitandani kwangu akanieleza ni lini.
Hasira haijaisha. Nafikiria ni wanaume wangapi wa mwambao huu wana mafua kama yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Asembo. Jioni niliteremka nao. Nilivua shati kabla ya wote, nisije nikabadili nia. Makovu mawili, bado mekundu.
Nikawaeleza nikiwa nimesimama hivyo hivyo: saratani, sindano, matiti, kisu. Sikuficha neno. Mmoja akainama kuchunguza kidole chake cha mguu. Mwingine akauliza sindano hiyo ni ya rangi gani, akasema yake ni ya mwezi ujao.
Ochieng akalowesha sabuni. "Na ulikuwa unasema mafua."
Akanipa sabuni, akageuka nimsugue mgongo.
Maji yalikuwa na uvuguvugu.