Mikono ya Kipanga

Chumba cha michoro,
juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wote wa kwako? Goti linaendeleaje? Baba ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi kama nimepanda mimi. Sisi tu wazima. Kikohozi kimemwachia Mama, ila maneno hayajamwachia hata kidogo.

Najua nimekaa kimya mno. Nilikuwa na jambo nililotaka likamilike kwanza, maana linakuhusu.

Unajua nachora kitabu cha katuni cha kila mwezi, cha yule mwanamke shujaa anayeruka angani, Kipanga. Matoleo ishirini na mawili yamepita hajawahi kuvua glavu. Katika la ishirini na tatu nikaamua azivue. Ghorofa limeporomoka, glavu zimeungua, na kwa mara ya kwanza tunaiona mikono yake: ina mabaka meupe kutoka vidoleni hadi viwikoni, kama yako. Chini ya kifusi amebanwa mwanamke. Kipanga anamnyooshea mkono. Yule mwanamke anautazama, anajikunyata. "Usiniguse! Utaniambukiza!"

Mhariri wetu alizisoma kurasa akiwa amesimama. Si mtu mbaya, ila anamwogopa msambazaji kuliko anavyomwogopa mkewe, na mkewe si wa mchezo.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini mwishoni apone. Mabaka yatoweke, watu wapige makofi."

"Akipona, msomaji ataona kosa lilikuwa la ngozi yake."

"Msambazaji hatalichukua."

"Basi nitalibeba mwenyewe."

"Kwa mgongo gani?"

"Huu huu unaoinamia meza yako mwaka wa sita sasa."

Nikakusanya kurasa zangu. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango aliponiuliza mbona nimeng'ang'ania hivyo, nani kaniambia kuwa watu ndivyo walivyo. Nikamjibu hakuna aliyeniambia. Nilimfanyia mtu hivyo mimi mwenyewe.

Shangazi, huenda umesahau. Mimi sijasahau. Nilikuwa na miaka tisa, ukaja kunichukua shuleni, mvua imejaza mtaro. Ulisimama ng'ambo ukaninyooshea mkono nivuke. Nyuma yangu wenzangu wananong'ona, "Balanga, balanga." Nikajifanya sijauona mkono wako. Nikaruka peke yangu, nikatumbukia. Ukaniinua kwa mkanda wa begi. Kwa mkanda, Shangazi, ili usiniguse mbele yao. Nyumbani ukasema niliteleza. Mwaka uliofuata ukahama, na wakubwa wakatuambia umefuata kazi. Nimekua nikijua kwamba si kazi peke yake iliyokuondoa.

Naomba unisamehe. Ningesema zamani, lakini niliona aibu.

Nilipomaliza kumsimulia hayo, mhariri alikaa kitini, akafuta miwani yake mpaka nikadhani ataitoboa. Kisha akasema, "Tutachapa. Jina lako liwe kubwa juu ya jalada, wakija kugomba waje kwako." Nikakubali palepale. Kipanga haponi. Wala hamlazimishi yule mwanamke. Anaushikilia ukuta usimwangukie, na anabaki naye mpaka waokoaji wafike. Uso wa mwanamke huyo niliuchora nikijitazama kwenye kioo.

Msambazaji kweli aliyarudisha marobota yote. Basi tukayabeba, mimi na fundi wa mtambo wa kuchapa, bonge la mtu asiyesema sana, tunamwita Nyundo. Tulizunguka na mkokoteni dukani, shuleni, kwa vinyozi. Muuza daftari mmoja alilifunika jalada uso chini mbele yangu. Nikaligeuza. Akalifunika. Nikaligeuza tena, mpaka Nyundo akakohoa, na Nyundo akikohoa rafu zinatikisika. Tukaachiwa nafasi. Kinyozi wa kona alichukua nakala kumi, kesho yake akatuma watu wadai nyingine. Wauguzi wa kliniki ya ngozi walichukua robota zima.

Siku ya kumi na moja hatukubakiwa hata na nakala moja. Sasa tunachapa tena, na mhariri anasimulia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Msambazaji amepiga simu; ameambiwa apange foleni. Barua za matusi nazo zimekuja. Ninazijibu moja moja, kwa adabu, na sifuti mstari wowote.

Nakala yako nimeiweka humu ndani ya bahasha. Toleo lijalo Kipanga havai glavu tena, hata wakigoma wote.

Ila kuna kasoro utakayoiona mara moja. Mikono niliichora kwa kukisia. Nimepekua picha zote za nyumbani, na katika kila moja umeificha: nyuma ya mgongo, chini ya khanga, ndani ya mikono ya sweta. Ukiona inafaa, nenda kwa mpiga picha, akupige viganja na migongo ya mikono, kwenye mwanga wa kutosha. Ukikataa nitaelewa, na nitaendelea kukisia. Ukikubali, siku picha itakapofika ndiyo siku nitakayoanza kuchora.

Baba, Mama na Kaka wanakusalimu sana. Bibi naye anasema usipokuja mwaka huu atakuja yeye, na unajua hatanii. Nisalimie Mjomba na binamu zangu wote.

Mungu akulinde, akupe afya, na aibariki mikono yako.

Mwanao akupendaye, na mwenye deni la miaka mingi kwako,

Mchoraji