Papa Firmin Kaomba na Ng'ombe Wake wa Pepa

Mwaka umezunguka, Papa Firmin, tangu utuache hapa Kalemie, na leo tunasema nawe kwa moyo wa shukrani.

Kwenye majalada ya vitabu vyako uliandikwa Kaomba peke yake, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali ya wakati ule. Nyumbani ulibaki Papa Firmin, mwenye wino kwenye kucha hata siku ya komunyo ya wanao. Uliwatungia watoto hadithi, ukachonga picha kwenye vibao, ukavipaka wino na kuvikandamiza kwenye karatasi. Na wanyama wako wote walikuwa na sura za majirani! Papa Abedi, muuza samaki, alikuja na hasira: "Huyu kiboko njo miye!" Ukaapa kwamba ni kiboko tu. Katika kitabu kilichofuata hakuwamo, akanuna zaidi.

Asante, Papa. Ni wangapi hapa mtaani walijifunza kusoma kwa kumfuata yule ng'ombe wako aliyeshuka kutoka milima ya Pepa kuja kuliona ziwa?

Sasa tukuambie yaliyotokea nyuma yako. Vibao vyako ulivipanga karibu na jiko la nje, moshi uvilinde na wadudu. Siku za matanga watu walijaa, kuni zikaisha. Dada yako Bertille, aliyetoka Mpala, akaviona vyeusi hivyo, akadhani ni kuni. Maharagwe ya waombolezaji yaliivia juu ya picha zako. Alipojua, maskini, alilia kuliko siku ya maziko. Akarudi Mpala, asikanyage tena hapa. Tukabaki na misiba miwili.

Binti yako Odile, uliyemfundisha kisu, alisema picha zinaweza kuchongwa upya. Ukurasa wa kitabu unabandikwa kifudifudi juu ya ubao, unapakwa mafuta picha ionekane, kisha kisu kinapita humo humo. Ukurasa wenyewe unakatwa pamoja na ubao, haurudi tena. Tuliona haya kuwaomba watu vitabu vyao. Papa Abedi akaleta chake wa kwanza, na kiboko wake ndani. Watoto wakafuata, wengine wakilia, lakini waliviacha.

Ulikosekana ukurasa mmoja, ule ng'ombe anapoliona ziwa. Watoto waliupenda mno, wakauchana na kuubandika ukutani mpaka ukaoza. Uliobaki mzima ulikuwa kwa Bertille. Tulimtumia neno, tukidhani hatajibu. Mwezi uliopita alishuka bandarini, ukurasa umefungwa ndani ya kitenge.

"Mukiukata huu, nitabakia na nini ya kaka yangu?" akauliza.

Mama Virginie, mjane wako, akamvutia kiti. "Utabakia na siye."

Bertille akaubandika mwenyewe juu ya ubao. Kisha akanawa mikono, akala nasi.

Leo baada ya misa kitabu kizima cha ng'ombe, kilichochapwa upya kwa vibao alivyochonga Odile, kitasomwa nyumbani kwako. Watoto wote wakaribie.

Tunaokukumbuka: mke wako Virginie, watoto wako Odile na Félicien, dada yako Bertille, wajukuu na majirani wote, wenye picha na wasio na picha. Hutatutoka moyoni, Papa.