Kijiko cha Furaha

Mjukuu wangu Neema,

Huku Uvira tuko, na ziwa liko palepale ulipoliacha. Mama yako amevuna muhogo, kaka yako analima mpunga kule Sange. Nyumba iko kimya tangu uende.

Unasema kazi yako ya kufundisha watoto wagonjwa kutumia mikono inakushinda, unauliza miye nilifanyaje. Miaka ile ya uhuru nilikuwa nasaidia watoto kwenye dispanseri. Furaha, mtoto wa kijiji cha Runingu, alikuwa na miaka mitatu, vidole vya mkono wa kuume havikutaka kujikunja. Nilimpa kijiko ajifunze kula nacho. Miezi ikapita bure, nikamlaumu mama yake kimoyomoyo.

Siku moja nikaenda kwao. Kijiko kilikuwa kimetundikwa ukutani, kinang'aa. Ndugu zake walizunguka sahani ya bugali, yeye analishwa na mama.

"Mama Furaha, mbona kijiko hamukitumii?"

"Hicho ni cha dispanseri. Sisi tunakula na mikono."

Niliona haya. Tukamkalisha kati ya ndugu zake, mama akamwekea tonge lenye joto kiganjani. Vidole vikalifuata lile joto. Likaanguka mara nyingi, ndugu wakamngoja.

Baadaye mama aliniletea kijiko, amekiosha. "Weye ukitunze. Furaha anajilisha."

Kisha uasi ukaja, watu wa Runingu wakatawanyika. Sikuwaona tena. Leo Furaha angekuwa na wajukuu. Kijiko ningali nacho, nimekitundika ukutani, kinang'aa. Hakuna anayekula nacho.

Bibi yako