Nilimuzika papa Ciza mu mail

Bukavu, jeudi mangaribi

Na mimi ndiye nilikuwa najivuna ku atelier yetu ya kushona kama mu Bukavu yote hakuna mwenye anajua kuandika mail ya kukaribisha watu kunipita! Kila mutu mupya mwenye anajiandikisha kupata habari zetu, ao kutuma musaada, mail yangu inamufikia palepale.

Mule niliandika juu ya maman Nsimire, mwenye anashona mifuko ya kitenge. Nilimuita mujane. Eti bwana yake alikufa mu shimo ya zahabu kule Kamituga. Nilijua huyo bwana yake, papa Ciza, iko muzima, anachimba tu. Nilitaka wafadhili wasikie huruma haraka.

Leo papa Ciza mwenyewe alijiandikisha, ili aone kazi ya bibi yake. Mail yangu ikamushukuru kwa kusaidia mujane.

Alipiga simu, maman akaweka haut-parleur, wote tusikie. "Bibi, ulishanililia, ao bado? Matanga iko wapi, nikuje kula?"

Wamaman wote wa atelier walicheka. Mimi pia, kwa nguvu, mupaka nikaona maman Nsimire hacheki.

"Mutoto wangu," akaniambia polepole, "kila siku namuombea atoke mu ile shimo. Wewe ukamuacha ndani."

Nani alimuzika? Mimi!

Ile mail nimeifuta. Mupya inaanza hivi: "Maman Nsimire anashona akingojea bwana yake arudi." Kesho nitamusomea yeye kwanza. Kama atakubali kunisikiliza...

Mimi mwenye ninakimbiaka misa, leo nimesali. Nimemuomba Mungu papa Ciza atoke.