Nyuso Tano Nyuma ya Nikabu

Michenzani, Jumapili

Kwako Baba Arwa, Maskati,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, Arwa kang'oka jino la mbele na anaringia pengo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila nikianza.

Darasa letu la Kiingereza limefika kwenye maneno ya nyuso: uso wa hasira, wa mashaka, wa tabasamu la kulazimisha. Mwalimu kaniita mbele niigize, kisha kakumbuka nimevaa nikabu, akataka kunirudisha. Nikamwambia, "Niache, mwalimu." Nikafanya nyuso tano, na wenzangu wakazitaja zote kwa Kiingereza, kwa kunitazama macho tu.

Ijumaa ulipopiga kwa video nilikuuliza utarudi lini, maana huu mwaka wa tatu. Ukasema karibuni, na mdomo ukacheka. Macho hayakucheka. Neno la uso huo kwa Kiingereza nshalijua.

Mtihani Alhamisi. Nikifaulu nitatembeza wageni Mji Mkongwe, urudi usirudi. Lakini swali langu sijaliacha. Nipigie tena kwa video, na safari hii vaa barakoa. Macho yananitosha.

Mkeo,
Shariffa